Pete ya Lori la Vita

Asubuhi nzima mzee yule hakuigusa injini. Lori lilikuwa nyuma yake, GMC la mwaka 1943 la magurudumu kumi, boneti wazi, na wageni waliopita bandani walilisogelea, wakachungulia silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, wakapiga picha, wakaondoka. Yeye alikuwa amekaa juu ya kreti la mbao, rimu tupu imelala mapajani mwake kama mtoto anayesafishwa masikio. Mkononi alikuwa na brashi ya waya, na kazi yake ilikuwa mfereji mmoja tu, ule unaouzunguka ukingo wa rimu, upana wake haufiki kidole gumba. Anasugua. Anapuliza vumbi. Anapitisha ukucha kuanzia tundu la valvu, anazunguka nao hadi anarudi kwenye tundu la valvu. Anasugua tena.

Nilikuwa nimekwenda Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, kuwaandika watu wanaofufua magari ya Vita Vikuu vya Pili. Nilidhani nitaandika habari za injini na maturubai, na za rangi ya kijani iliyosakwa hadi ikapatikana ile ile ya kiwandani. Nilirudi na daftari lililojaa rimu.

Lori lenyewe linastahili maneno machache. Kiwandani liliitwa CCKW, na kila herufi ilikuwa na kazi: ya kwanza yataja mwaka wa usanifu, 1941, ya pili yasema kabini ni ya kawaida, ya tatu yasema magurudumu ya mbele yanavuta, ya nne yasema ekseli mbili za nyuma zinavuta pia. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000, na askari wa Marekani waliliita kwa uzito wa mzigo wake: tani mbili na nusu. Kati ya tarehe 25 Agosti na 16 Novemba 1944, misafara ya malori haya ilikwenda na kurudi usiku na mchana kutoka fukwe za Normandy hadi Chartres na mbele zaidi, ikiwapelekea mafuta na risasi askari waliokuwa wakikimbilia mpaka wa Ujerumani. Njia hiyo iliitwa Red Ball Express. Siku zake za juu ilikuwa na malori yanayokaribia 6,000, na kama robo tatu ya madereva wake walikuwa Wamarekani Weusi, ambao jeshi la wakati ule liliwatenga na wenzao weupe. Hesabu ya tani walizobeba imeandikwa mahali pengi. Hesabu ya matairi waliyoyabadilisha kando ya barabara, katika mvua ya vuli ya Ufaransa, huku makopo ya chakula yaliyotupwa njiani yakiwachania mpira, sijaiona ikiimbwa na mtu. Na tairi la lori hili halibadilishwi kama la teksi.

Hapa ndipo rimu inapoingia. Gari dogo la leo lina rimu ya kipande kimoja, yenye bonde katikati. Mdomo wa tairi unazamishwa bondeni upande mmoja, ukapata nafasi ya kuvukishwa ukingo upande wa pili. Tairi la lori la zamani halikubali hivyo. Limejengwa kwa tabaka juu ya tabaka za nyuzi zilizopishana, na mdomoni mwake kuna waya za chuma zilizofungwa pamoja, ngumu kama kuta za pipa. Ulivukishe ukingo kwa mikono? Utavunja mtaimbo kwanza. Basi wasanifu wakaamua kuigawa rimu yenyewe. Upande mmoja ukingo ni wa kudumu. Upande wa pili ukingo ni pete inayotoka: unaliteleza tairi juu ya rimu bapa kama unavyovisha bangili mkononi, halafu unaiweka pete mahali pake. Askari wawili, mtaimbo na nyundo, tairi limevaa. Hakuna mashine, hakuna gereji.

Pete hiyo imekatwa mahali pamoja, kwa hiyo ina unyumbufu kidogo. Inapanuka ukiilazimisha, ikiachwa inarudi. Mguu wake wa ndani unakaa mferejini, ule mfereji uliokuwa ukisuguliwa. Tairi likiingizwa upepo, mdomo wake unasukumwa nje, unaikumba pete, na umbo la mfereji linaugeuza msukumo ule kuwa mkandamizo, pete ikazidi kuzama. Yaani upepo ule ule unaotaka kuirusha ndio unaoibana. Nilipoelewa hili nilikaa kimya kidogo. Ni wazo la akili nyingi, na limesimama juu ya sharti moja: mfereji uwe safi na mzima, na pete iwe na umbo lake. Ganda la kutu lenye unene wa shilingi likiwa chini ya mguu wa pete, pete inakaa juu juu, inaonekana imekaa, inavumilia paundi 10, paundi 20, paundi 40. Kisha haivumilii.

Nilipiga hesabu kwenye jalada la daftari. Ubavu wa tairi la ukubwa huu, kuanzia mdomo hadi bega, una eneo la sentimita za mraba elfu nne na mia kadhaa. Paundi 50 kwa inchi ya mraba ni kama kilo tatu na nusu kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha, unapata tani kama 16, na karibu nusu yake inaangukia mdomoni, yaani kwenye pete. Tani nane hivi. Lori tupu, pamoja na injini yake, kabini na chesisi, halifiki uzito huo. Nilimwonyesha mzee hesabu yangu. Aliitazama juu ya miwani, akaguna, akaendelea na brashi. Nadhani hakuhitaji hesabu.

Mimi nimekulia Morogoro, na fundi pancha wa kwanza niliyemjua alikuwa Msamvu, pale barabara zinapoachana, moja ikienda Dodoma na nyingine Iringa. Malori ya wakati huo, Bedford, Leyland, Fiat, mengi yalikuwa na rimu za vipande, na fundi wetu alizifanya chini ya mwarobaini akiwa na kompresa moja iliyokohoa kuliko ilivyopuliza. Kabla ya kujaza upepo alipitisha mnyororo katika matundu ya rimu, akauzungusha tairi lote mara mbili, akafunga, akalilaza tairi pete ikitazama ardhi. Sisi watoto tulisogea kuona.

"Nyie, pisheni huko!"

Mara moja nilijitia ujasiri. "Shikamoo, fundi. Hiyo minyororo ya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hii pete ikiruka haimwulizi mtu jina." Akaninyooshea kidole juu ya mwarobaini. Kwenye shina, juu kuliko mtu mzima anavyofika kwa mkono, kulikuwa na kovu la mkato, limeota gamba pembeni kama jicho lililofumba. Hakueleza zaidi. Nilirudi nyuma hatua kumi bila kuambiwa tena.

Leo najua kwamba mbinu yake ilikuwa na mapungufu. Mnyororo wa kawaida waweza kukatika na vipande vyake vikawa vitu vingine vya kuruka. Na pete ikitazama ardhi, gurudumu zima ndilo linalopaa. Lakini mzizi wa ufundi alikuwa nao wote: alijua hatari iko wapi, alijua inaelekea wapi, na aliwaondoa watu katika njia yake kabla ya kufungua upepo. Mzee wa Kent na fundi wa Msamvu wangekaa pamoja wangeelewana bila mkalimani.

Mchana mzee alinionyesha anavyoteremsha gurudumu. Nilidhani ataanza na spana. Alianza na kile kijisindano kilicho ndani ya valvu. Alikifungua, upepo ukatoka kwa mlio mrefu, akangoja hadi mlio ukafa. Kisha akachukua kipande cha waya mwembamba, akakipitisha ndani ya valvu na kukitoa, kuhakikisha kwamba kimya kile ni cha tairi tupu. Punje ya uchafu au barafu inaweza kuziba valvu, fundi akadhani upepo umekwisha kumbe umejificha. Akaenda kwenye tairi la pili, lile la ndani, maana nyuma magurudumu yamekaa mawili mawili, akalitoa upepo nalo. Nikamwuliza kwa nini lile la ndani wakati anateremsha la nje. Kwa sababu, alisema, nati hizi zimeyashika yote mawili. Rimu ya ndani ikiwa na ufa, huenda kinachoizuia isifunguke ni kubanwa na mwenzake. Ukilegeza nati umeondoa kizuizi, na uso wako uko palepale.

Ndipo akachukua spana, akaanza upande wa kushoto wa lori, akazungusha kuelekea kulia ili kufungua. Nilidhani macho yangu yamekosea. Upande wa kushoto wa lori hili nati zina nyuzi za kinyume, na mwishoni mwa bolti imegongwa herufi L. Wasanifu waliogopa mzunguko wa gurudumu usije ukazilegeza nati polepole safarini. Asiyejua hutia bomba refu kwenye spana, akaning'inia kwa nguvu zake zote upande usio wake, na bolti iliyosalimika tangu 1943 ikakatika siku hiyo.

Kila jeshi lilikuwa na namna yake ya kugawa rimu. Dodge ndogo za Wamarekani, zile za familia ya WC, zilivaa rimu ya nusu mbili zilizokutanishwa kwa bolti, na ndani yake chuma cha kuibana midomo ya tairi isiteleze hata upepo ukiisha, ili dereva aliyepigwa risasi ya tairi aendelee kukimbia. Waingereza nao walipenda rimu ya nusu mbili. Bedford QL, lori lao la magurudumu manne yote yanayovuta, lililotengenezwa tangu 1941 hadi 1945 kwa idadi iliyopita 50,000, lilikuwa nayo. Rimu ya namna hii haina pete ya kuruka, lakini ina mtego wake. Ukilitazama gurudumu unaona maduara mawili ya nati. Moja limelishika gurudumu kwenye habu. Jingine limezishika nusu mbili za rimu zisiachane. Sasa mfikirie kijana wa miaka kumi na tisa, hajalala siku mbili, giza limeingia, mvua inanyesha, ameambiwa ateremshe gurudumu upesi. Akianza na duara lisilo lake, tairi likiwa limejaa, nati ya mwisho hataifungua yeye, itajifungua.

Waingereza walilitatua kwa kopo la rangi. Nati zinazoshika nusu za rimu walizipaka nyekundu. Nyekundu maana yake usiguse mpaka upepo umetoka wote. Hadi leo ukitembelea maonyesho ya magari ya kijeshi utaziona, madoa mekundu juu ya gurudumu la kijani, na wapiga picha huzipenda wakidhani ni pambo. Mimi napenda zaidi kwamba aliyebuni hakuandika kitabu cha maelekezo akitegemea kisomwe. Alichagua kitu ambacho mtu aliyechoka, asiyejua kusoma, mwenye tochi mbovu, atakiona. Na anayefufua lori la Bedford akaziacha nati hizo kijani ili gurudumu lipendeze, huyo, kwa maoni yangu, amelipaka lori rangi ya uongo.

Turudi kwenye mfereji. Uliposafika hadi chuma kikawa cha rangi moja, mzee aliibeba rimu hadi dirishani. Akaigeuza polepole kwenye mwanga wa ubavu, maana mwanga wa juu huficha nyufa na mwanga wa ubavu huzitia kivuli. Alitazama hasa pembe za mfereji na kuzunguka matundu ya nati, ambako chuma huchoka kwanza. Kisha akapaka dawa nyekundu nyembamba kama maji, akangoja, akafuta, akapuliza poda nyeupe. Ufa ukiwepo, dawa iliyojificha ndani yake hujitokeza juu ya weupe kama mstari wa kalamu. Haukuwepo. Ukipatikana, je? Alinionyesha pembeni ya banda, rimu nne zimesimama ukutani, kila moja imekatwa kwa msumeno mahali pawili. Anazikata mwenyewe, asije mtu mwema akaziokota siku moja akazichomelea. Rimu yenye ufa haichomelewi. Na rimu yenye tairi haikaribishwi moto hata kidogo, hata kwa ajili ya kulegeza nati yenye kutu, hata tairi likiwa tupu. Joto huuunguza mpira kwa ndani, gesi zikajikusanya, na tairi likapasuka hata baada ya mtu kuzima moto na kwenda kunywa chai.

Pete ilikuwa na mtihani wake. Aliilaza juu ya bamba la chuma lililonyooka, akaibonyeza huku na huku kusikia kama inachezacheza kama meza yenye mguu mfupi. Akatazama ncha zake mbili pale ilipokatwa, kama zinatazamana sawasawa. Pete iliyowahi kung'olewa na mtu mwenye haraka hupinda, na iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo ikarudi kama ilivyokuwa. Halafu akaitafuta alama iliyogongwa juu yake, akailinganisha na ya kwenye rimu. Viwanda vingi vilitengeneza rimu kwa ajili ya vita, na pete ya kiwanda kimoja inaweza kuingia kwenye rimu ya kingine vizuri kabisa kwa macho, tofauti yake ikawa unene wa kadi ya posta. Aliniambia kwamba nusu ya kazi hii ni kukataa vitu vinavyoelekea kufaa.

Rangi alipaka, ila kwenye mfereji na kwenye mguu wa pete alipaka tabaka moja jembamba la kuzuia kutu basi. Wafufuaji wengi, aliniambia, hupenda rangi nzito ya kuokwa, inayong'aa kama sahani, na rangi hiyo ikijaa mferejini imefanya kazi ile ile ya kutu.

Kuvalisha tairi kulichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani, ingawa hapakuwa na pupa. Tairi jipya, limetengenezwa juzi kwa kashata za mtindo wa zamani. Tyubu mpya, imepakwa poda ili isishikane na mpira wa tairi. Flapu, ule mkanda mpana wa mpira unaolala kati ya tyubu na chuma, usio na mkunjo. Sabuni ya mafuta ya mimea kwenye midomo ya tairi, na kamwe si oili wala grisi, ambazo hula mpira. Tairi likateleza juu ya rimu. Pete ikaingia, ncha moja kwanza, kisha mzee akaifuata duara kwa mtaimbo na nyundo ya mpira, akiisindikiza mferejini inchi kwa inchi. Huu ndio wakati wa nyundo, alisema, na ni huu peke yake. Upepo ukishaingia, nyundo inarudi kabatini. Mtu anayeigonga pete ya tairi lililojaa ili ikae vizuri anajaribu kuliamsha jambo lililolala.

Kisha kizimba. Ni sanduku la mabomba mazito ya chuma, limesimama wima, limekaa sakafuni bila kufungwa bolti, mbali na ukuta. Gurudumu likasukumwa ndani. Mpira wa upepo una mdomo wa kubana, unaoshika valvu wenyewe bila kushikiliwa na mkono, na geji pamoja na koki viko mwisho wa pili, mita kadhaa kando. Kando, nasema, si mbele wala nyuma. Mzee alisimama mahali ambapo ungenyoosha mstari kutoka kwenye pete usingemgusa. Mimi alinionyesha pa kusimama kwa kidole, bila neno, na nikamkumbuka mtu wa Msamvu.

Paundi 10, akafunga. Akaitazama pete kutoka pale alipo kwa tochi: ncha zake, mstari wake na rimu, kama uko sawa duara zima. Angeona kasoro, angetoa upepo wote na kuanza upya, asingeingiza mkono kizimbani. Hakuona. Akatoa upepo wote hata hivyo. Nikashangaa. Tyubu, alieleza, mara ya kwanza hujazwa ikiwa imejikunja mahali fulani, ikanyooka kwa kuvutika upande mmoja. Ukiitoa upepo inajilegeza, ukiijaza tena inakaa bila kinyongo. Akajaza tena. Kumi. Ishirini. Akatazama. Thelathini. Akatazama. Hamsini. Kizimba kilikuwa kimya kama sanduku tupu, na hakuna kilichotokea, na nilitambua kwamba nilikuwa nimeushika mkono wangu mmoja kwa mwingine.

Kanuni hizi hazikutoka kichwani mwa mzee. Mwaka 1980 shirika la usalama kazini la Marekani, OSHA, lilitoa sheria maalumu kwa mafundi wa rimu za vipande, na mwaka 1984 ikapanuliwa ili iyahusu pia magurudumu ya malori ya kipande kimoja. Nimeisoma yote, na sijuti. Inataka kizimba kinachoweza kuhimili mlipuko wa tairi lililojazwa mara moja na nusu ya kiwango chake cha juu. Inakataza kuchomelea na kupasha moto. Inakataza kuchanganya vipande visivyolingana. Inasema tairi lililotembea likiwa na asilimia 80 au pungufu ya upepo wake litolewe upepo kabisa kabla ya kuguswa, kwa sababu huenda pete ilisogea njiani bila dereva kujua. Lugha yake ni kavu kama mhogo wa juani, lakini kila sentensi unaweza kuhisi imetanguliwa na karakana fulani na asubuhi fulani mbaya.

Sheria hiyo ilikuwa imechelewa kuja. Wakati huo kulikuwa na rimu moja ya malori ya kiraia, ya Firestone, iitwayo RH5, ambayo mafundi wa Marekani waliibandika jina la mtengeneza wajane. Vipande vyake viwili vilikutana katikati ya rimu, chini ya tairi. Hii ndiyo tofauti iliyomfanya mzee atikise kichwa nilipoitaja. Rimu ya lori la vita inakuonyesha pete yake. Ukiwa na macho na subira utajua kama imekaa. RH5 iliufunika ufungaji wake kwa tairi lenyewe, na fundi bora duniani angejaza upepo bila kuona anachokiamini. Karakana nyingi ziliapa kutoigusa. Anayekuta rimu ya namna hiyo chini ya lori la kale aliloliokota shambani, na hutokea, maana malori hubadilishiwa viatu katika maisha yao marefu, hana la kufufua. Ni msumeno.

Jioni ile, chai ikiwa mezani, nilimsimulia mzee habari za askari wa Keya, vijana wa kwetu walioendesha malori ya jeshi la Uingereza kutoka Kenya kupitia Somalia mwanzoni mwa 1941, Mogadishu ikaangukia mikononi mwa jeshi hilo Februari na Addis Ababa Aprili. Na wengine waliofika hadi Burma. Alikuwa hajasikia. Aliuliza swali moja, na halikuwa juu ya mapigano. Aliuliza kama walikuwa na vizimba.

Nikasema hapana. Walikuwa na mchanga, mtaimbo na mwenzao wa kuwaambia wapishe.

Akaitikia kwa kichwa, akaangalia kikombe chake muda mrefu.

Gurudumu lililala kizimbani usiku kucha. Ni desturi yake. Hakuna kanuni inayodai hivyo. Asubuhi alisoma geji, hamsini, akaitazama pete duara zima kwa tochi, kisha akaligusa tairi kwa mara ya kwanza tangu alijaze. Akalivingirisha hadi kwenye lori, akazikaza nati kwa kuruka moja moja kinyume kwa kinyume, kwa spana inayopima nguvu, na akaandika kwa chaki kwenye mlango wa banda: maili 50, kaza tena. Halafu akarudi kwenye kreti lake la mbao na kuvuta rimu nyingine mapajani. Mfereji wake ulikuwa umejaa kutu ya rangi ya chungwa. Zilikuwa zimebaki tisa, na ya akiba.